Mwaka Niliomwonea Wivu Mke wa Shosho

Mtu mzima hafai kumwonea wivu mjane, tena makaburini, lakini mimi nilimwonea. Yalikuwa mazishi ya Shosho, mwenye ploti tulikopanga zamani kule Kawangware. Kijana aliyeendesha shughuli, suti imembana mabega, alishika kipaza sauti akasema, "Sasa tumwite mke wa marehemu aje aweke udongo." Vijana waliosimama nyuma yangu wakacheka wakidhani amekosea, kwa sababu marehemu alikuwa bibi kizee na picha yake ilikuwa pale mbele, amefunga kitambaa chake kichwani. Mzee mmoja akageuka akawakazia macho mpaka wakanyamaza. Wanjiku akatokea katikati ya watu, nguo nyeusi juu mpaka chini, ameshikwa mkono huku na huku. Akainama, akachota udongo kwa kiganja, akautupa, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwuliza analilia nini. Walimletea kiti. Mchungaji alimtaja kwenye maombi, "mkewe Wanjiku", bila kumung'unya maneno. Mimi nilikuwa kwenye kundi lililotangazwa kama wapangaji wa zamani, viatu vimejaa matope mekundu, na badala ya kumwombea Shosho nilikuwa nasema moyoni kwamba huyu mama hata machozi yake yana kibali. Niliona aibu kidogo. Kisha niliendelea kuona wivu.

Wivu huo haukuanzia makaburini. Ulianza mwaka ule wa kesi, mwaka ambao kila redio Nairobi ilikuwa inajadili kama watu kama mimi waendelee kufungwa jela au waachwe. Nilikuwa nimepita thelathini, umri ambao mtu hudhani ameshajifunza yote. Kabla ya hapo nilikuwa nakaanga mgongo wazi kando ya barabara Sarang'ombe, kule Kibera. Mgongo wazi ni mifupa ya samaki aina ya mbuta baada ya viwanda kutoa minofu yote, kichwa na uti na mkia, na ukiikaanga vizuri mpaka ikauke utaona watu wenye suti wakiinyonya wamesimama. Nafula alikuwa akisuka nywele kwenye kibanda kilichoangaliana na karai langu. Tuliangaliana hivyo muda mrefu, yeye mikono kwenye kichwa cha mtu, mimi mikono kwenye mafuta, mpaka siku moja akavuka barabara akaniambia, "Wewe, unaniangalia ama unaangalia wateja wangu?" Nikamwambia wateja wake ni wabaya wa sura. Alicheka, akala samaki bure, na mambo yakawa yalivyokuwa. Kibera ina macho mengi, na wengi wa macho hayo walikuwa jamaa zake, kwa hiyo tukahamia Kawangware, upande unaokaribia Riruta, ambako hakuna aliyetujua.

Shosho alitupokea kwenye lango akiwa ameshika fagio. "Nyinyi ni nini na nini?" akauliza. Nafula akajibu haraka, "Binamu." Mimi ni Mjaluo na Nafula ni Msamia, na mtu yeyote wa Kibera angetaka kuelezwa ubinamu huo umepitia wapi. Shosho hakutaka. "Nyinyi watu wa lake ni kitu moja tu," akasema. "Mko na mabwana?" Tukasema hatuna. "Basi hakutakuwa na makelele." Akatupa chumba cha mwisho kwenye safu ya mabati, karibu na mfereji. Ndani tuliweka vitanda viwili. Kimoja tulilala, cha pili kilikuwa cha wageni kuona. Tulikitandika vizuri kuliko kile chetu, shuka la maua na mto wenye mdomo wa lesi, na kila mgeni aliyekuja alikaa juu yake akasifu jinsi mabinamu tunavyojua kupangana. Nakichukia kile kitanda mpaka leo. Kilichukua nafasi ya meza.

Haikupita wiki nyingi tukajua kuhusu Wanjiku. Tulikuwa tunafua pale mfereji wakati mtu wa kuangalia mita za maji alipobisha lango. Shosho akamjibu kutoka dirishani bila kuinuka, "Ongea na mke wangu, ako huko nyuma." Nafula aliacha sabuni ikateleza kwenye mtaro. Akatokea mama wa makamo yetu, mrefu, amevaa sweta ya mtoto wake wa shule, akamwonyesha yule mtu mita, akatia sahihi na kurudi zake jikoni. Tulibaki tunatazama povu. Baadaye Wanjiku mwenyewe alitueleza, bila siri yoyote, jinsi mtu angekueleza habari za mafua. Mume wa Shosho alikufa bila mtoto. Kwa mila yao mwanamke kama huyo anaweza kuoa mwanamke mwingine amzalie marehemu watoto, jina lisipotee na shamba lisichukuliwe. Shosho alikwenda kwao Wanjiku na wazee, akapeleka mbuzi, akamwoa. Watoto walizaliwa wakapewa majina ya ukoo wa marehemu. Kila mmoja alilala chumba chake, na wawili hao walikosana kuhusu chumvi ya mboga kama wanandoa wowote waliozoeana. "Mimi nimeolewa bwana," Wanjiku alisema akipepeta njahi, yale maharagwe yao meusi. "Ni vile tu bwana ni Shosho."

Sasa wewe niambie. Hawa hawakuwa na mapenzi, angalau si yale ninayoyajua mimi, ila walikuwa na vitu vyote vingine. Walikuwa na lango na jina, na wakwe waliokuja Krismasi na viazi. Mimi na Nafula tulikuwa na mapenzi peke yake, na kitanda cha kuonyesha wageni. Kila Shosho aliposema "mke wangu" kwa sauti ile yake ya kuita kuku, mimi niliacha nilichoshika nikasikiliza. Alilisema neno hilo ovyo, mdomo umejaa kiazi, kwa watu wa maji, kwa muuza mkaa, kwa polisi. Mimi nilikuwa nimelisema mara chache sana maishani, kwa sauti ya chini, mdomo wangu karibu na sikio la mtu.

Jikoni kwa Shosho ndiko kulikuwa na redio, na wapangaji wanawake tulipenda kukaa huko jioni tukimenya vitu vyake ili tupate joto la jiko lake. Kesi ilikuwa mahakamani, na kila jioni mtangazaji aliuliza wasikilizaji maoni. Kesi yenyewe haikuomba ndoa. Iliomba watu wasifungwe kwa yale wanayofanya chumbani mwao, basi. Lakini kila aliyepiga simu alizungumzia harusi. Mmoja aliuliza nani atavaa gauni. Mwingine alisema wakiruhusiwa mvua itakoma. Mama mmoja alisema yeye hana shida nao mradi wasikae karibu na kwake, na nilimtambua, maana nchi nzima ina mama huyo. Nakumbuka Shosho akimenya kiazi, ganda refu lisilokatika, akisema, "Wafungwe. Wafungwe wote." Wanjiku akauliza bila kuinua kichwa, "Na sisi?" "Sisi ni nini?" Shosho akashangaa. "Sisi ni mila." Wanawake wakacheka, na Nafula akacheka nao, na mimi nikacheka nikijikata kidole kwa kisu.

Kisha Nafula akaanza kumsuka Wanjiku. Haikuwa kusuka kwa kawaida, mchana mmoja na kwisha. Walifanya mistari midogo, wakafumua, wakarudia mingine, kila alasiri mbele ya mlango wetu, Wanjiku amekaa chini kati ya magoti ya Nafula. Mimi nilikuwa nimehamishia karai langu kwenye kona ya ile ploti na niliwasikia wakinong'ona na kucheka, kisha wakinyamaza nilipokaribia. Mikono ya Nafula ikaanza kunuka mafuta ya nywele ya Wanjiku, yale ya nazi ya kopo la kijani, na nilimwambia akaoshe kabla hajanigusa. "Una nini wewe?" akaniuliza. Nikamwambia sina kitu. Nilikuwa nacho. Nilikuwa na wivu wa kunikosesha hamu ya chakula, na mimi nikikosa hamu ya chakula ujue kuna jambo. Nilimwangalia Wanjiku akipita na ndoo nikahesabia makosa mwendo wake, kicheko chake, visigino vyake. Tayari alikuwa mke wa mtu. Alitaka nini tena kwa wangu?

Na kama hilo halikutosha, kulikuwa na Barasa. Barasa alikuwa fundi wa stima kule Sarang'ombe, mwimba sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa la akina Nafula, na baba mdogo wa Nafula, Mzee Wandera wa Soweto West, hapo hapo Kibera, alishaamua kwamba huyu ndiye. Nilitamani sana awe mtu mbaya. Nilimtafuta ubaya kwa bidii. Alikuja Jumapili kutuamkia, akakaa juu ya kitanda chetu cha wageni, akarekebisha waya wa taa uliokuwa unatupiga shoti bila kuulizwa, akanywa chai yangu akaisifu, akaniita shemeji. Alipoondoka Nafula alisema, "Si mtu mbaya." Nikamwambia hata ugali si mbaya, lakini huwezi kuukumbatia. Alicheka lakini si sana. Nilimwonea Barasa wivu wa vitu vidogo. Alibisha mlango wetu mchana kweupe na majirani wakampisha. Angeweza kumshika Nafula mkono kutoka Kawangware mpaka Kibera na watu wakaona kitu kizuri. Hata kikohozi chake kilikuwa cha mtu asiyeogopa.

Katikati ya hayo yote wapwa wa marehemu mume wa Shosho walikuja na wazee wao, wakakaa sebuleni, wakasema ploti ni ya ukoo na Wanjiku si mke wa mtu, kwa sababu mbuzi zilipelekwa ndio, lakini ngurario haikuwahi kufanywa. Ngurario ndiyo shughuli inayofunga ndoa ya Kikuyu, na bila hiyo hata mahakamani wanaweza kusema hakukuwa na ndoa. Tuliyasikia yote kupitia dirisha la jikoni, maana tulikuwa tunaosha vikombe na tulikuwa tunaviosha polepole. Shosho aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai. Walipotoka aliita Wanjiku akamwambia, "Wewe tafuta nguo mzuri. Tunafanya hiyo kitu." Wanjiku akasema, "Shosho, na uzee huu?" "Ni mimi mzee. Wewe ukuje tu."

Ploti nzima ilipika. Wamama wa Riruta walikuja na sufuria za mukimo wa viazi na mahindi zilizohitaji watu wawili kubeba, mbuzi wakachinjwa kule nyuma, na mimi nikapewa kazi ya chapati kwa sababu Shosho aliamini watu wa lake wana mikono ya moto. Nafula alimsuka Wanjiku kwa mara ya mwisho, mistari iliyokwenda juu yote. Wakati ulipofika wakaletewa bega la mbuzi lililochomwa, likiwa zima, kwenye ubao. Bwana harusi ndiye anayelikata mbele ya watu, na anatakiwa apate kiungo penyewe, asikatekate mfupa. Shosho alisimama na kisu, amejipinda kwa uzee, na mzee mmoja akataka kumsaidia. "Wacha," akamwambia. "Ni mke wangu ama ni wako?" Watu wakaangua kicheko. Akatafuta kiungo kwa kidole gumba, akakipata, akakata, akamlisha Wanjiku kipande kwa mkono wake. Wamama wakapiga vigelegele. Wapwa walikuwa wamesimama karibu na tangi la maji na hawakuwa na la kusema tena, maana macho ya watu wote yalikuwa yameona. Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nilimtazama Nafula, naye hakuwa anamtazama Shosho wala Wanjiku. Alikuwa ananitazama mimi, na nilijua anachotaka, na sikuwa nacho.

Kesho yake tulikaa jikoni tukila mabaki, mimi na Nafula na Shosho, Wanjiku akiwa amelala chumbani kwake na mafua. Redio ilikuwa imewaka. Nafula akaweka mfupa kwenye sahani akafuta mikono. "Shosho," akasema, "mtu si Mkikuyu anaweza kufanyiwa hii kitu?"

"Kitu gani?"

"Ngurario. Mwanamke na mwanamke."

Shosho akaendelea kutafuna. "Kwenu kuna mtu amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Sasa utaolewa kwa jina ya nani?"

"Ya mwenye ananioa," Nafula akasema.

Hapo ndipo nilipojua walichokuwa wakinong'ona kwenye nywele zile miezi yote. Alikuwa anamwuliza Wanjiku inafanywaje. Alikuwa anauliza kwa ajili yetu, na mimi nilikuwa nikimwambia akaoshe mikono. Shosho alimtazama Nafula, kisha akageuza shingo taratibu akanitazama mimi. Akanyosha mkono akazima redio. Nilisikia maji yakidondoka mferejini. "Mimi nilioa sababu ya mtu alikufa," akasema hatimaye. "Nyinyi mnataka kuoana sababu mko hai. Hiyo mimi siijui." Akachukua kipande cha nyama, akakirudisha. "Na msiniulize tena. Watu wakikuja kuniuliza, nataka niwaambie sijui kitu na isikuwe ni uongo." Hakutufukuza. Mwezi uliofuata alitusalimia kama kawaida, na hakutuita tena kumenya viazi.

Chumbani Nafula alikaa juu ya kile kitanda cha wageni, mahali asipokaa kamwe. Nilitarajia alie na hakulia. "Mimi nimeuliza," akasema. "Wewe ulikuwa unakula nyama." Nikamwambia ningesema nini, yule mama ana fagio na lango, angetutoa nje na vitu vyetu na majirani wangetumalizia. "Ungesema kitu," akasema. "Hata 'aki Shosho, anauliza ukweli.' Awuor, wewe unaonea kila mtu wivu. Wanjiku, Barasa, hata ile kesi. Lakini hujawahi sema mbele ya mtu unataka nini." Alikuwa ametaja wivu wangu mmoja mmoja na hakukosea hata mmoja.

Siku ya uamuzi wa kesi tuliusikilizia kwenye simu yake, tumekaa sakafuni, sauti imeshushwa. Mahakama ilikataa. Sheria ingebaki ilivyo. Nje mpangaji mmoja alipiga makofi, na kwingine mtoto alikuwa anasoma kwa sauti hesabu ya kuzidisha. Nafula akazima simu akaiweka juu ya kitanda cha wageni. Kisha akasema amechoka kuwa binamu. Alisema anataka kuitwa kitu na watu, kitu chenye jina, na kama jina lenyewe ni mke wa Barasa, basi ni jina. Mzee Wandera alikuwa amempigia simu tena. Safari hii angemwambia watu wa Barasa waje. "Utakuja?" akaniuliza. "Wewe ndio upande wangu. Sina mwingine." Nilitaka kumwambia asiende. Nikamwambia nitakaanga samaki.

Na nikawakaanga. Jumamosi ile nilikuwa Soweto West tangu asubuhi, nyuma ya chumba cha Mzee Wandera, na karai la kuazima, nikiwageuza ngege wakubwa, si mgongo wazi, ngege wazima wenye nyama, kwa ajili ya watu waliokuja kunichukulia Nafula. Shangazi zake walikuwa wakikatakata sukuma kando yangu na kuzungumza juu ya kichwa changu. Nafula alikuwa amewaambia mimi ni binamu wa mbali, na hawakulifuatilia. "Huyu binamu mbona hajaolewa?" "Labda huyu ndiye atafuata." "Kwani binamu upande gani?" Hakuna aliyengoja jibu. Walinipenda kwa vile nilikuwa nafanya kazi. Ndani viti vya plastiki vya kanisa vilibanana ukuta hadi ukuta, vitambaa vyeupe juu ya makochi, na watu wa Barasa wamekaa upande wa dirisha. Yeye mwenyewe alikuwa na suti ya bluu, na shangazi yake alikuwa akimfuta jasho kwa leso. Nilimwonea wivu hata jasho lile, kwamba lilikuwa na mtu wa kulifuta mbele ya wote.

Kwao Nafula, wageni wa namna hiyo wakileta vitu na chakula kikaandaliwa, hakuna anayegusa kwanza. Msichana huitwa. Anaulizwa kama anawajua wageni, na kama chakula kiliwe. Akisema kiliwe, ukoo ukishakula umekubali, na kuanzia hapo yeye ni wa watu. Samaki wangu walikuwa mezani, wamefunikwa. Nafula akaletwa akasimama katikati, gauni la kijani, macho chini jinsi inavyotakiwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Mwanangu," Mzee Wandera akasema, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua."

"Na hii chakula. Tukule?"

Nafula alinyosha gauni kwa viganja. Kisha akainua uso. "Muulizeni Awuor," akasema. "Akisema mkule, mkule."

Watu wakacheka. Walidhani ameona haya, na ilikuwa haya nzuri, ya msichana aliyelelewa vizuri kumtupia dada yake neno zito. Shangazi mmoja akapiga kigelegele nusu. Mzee Wandera naye akacheka akageuka kwangu, uso wake umejaa furaha. "Haya binamu! Tukule?" Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema kuleni, na lingekuwa jambo tamu la kusimuliwa harusini. Nafula alikuwa ananitazama vile alivyonitazama siku ya bega la mbuzi, na safari hii nilikuwa na kitu. Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Barasa. Alimtazama Nafula, akanitazama mimi, akamshusha shangazi yake mkono na leso.

"Hapana," nikasema. "Msikule."

Wengine waliendelea kucheka kidogo, kicheko kikaisha kikiacha watu mmoja mmoja. Mzee Wandera akasimama. Nyumba zile ni za mabati, na nje kulikuwa na vijana wa mtaa ambao wangekuja wakiitwa. Nilijua hivyo, na Nafula alijua. "Wewe ni nani kwake?" mzee akauliza.

Nilipitia maneno yote. Binamu, rafiki, dada. Kwa Kijaluo na kwa Kiswahili hakuna neno ambalo lingetoka kinywani mwangu mle ndani na sisi wawili tukafika barabarani wazima. Nikaliweka jagi chini, kando ya mlango.

"Mimi ndiye mtu amesema mumuulize," nikajibu.

Barasa akainuka akawaambia wazee wake taratibu, "Twendeni nyumbani," akafunga kifungo cha koti, akampa Mzee Wandera mkono, akatoka bila kumtazama mtu vibaya. Hata katika kuondoka alinishinda, na nilimwonea wivu kwa hilo pia. Katika ile vurugu ya viti na wageni kuaga, mimi na Nafula tulitoka nyuma, tukapita kando ya karai langu ambalo mafuta yalikuwa bado ya moto. Mzee Wandera hajazungumza nasi tena. Samaki sijui walikwenda wapi.

Mpaka leo serikali haijui kama mimi na Nafula tuko nyumba moja, na redioni bado wanajadili nani atavaa gauni. Msafara wa harusi ukipita barabarani, magari na maua na honi, mimi huingia ndani nikafunga mlango, maana wivu wangu haujazeeka. Lakini mimi niliulizwa. Chumba kilijaa watu, wakanigeukia wote, wakaniuliza kuhusu mtu wangu, wakangoja niseme.